Mpeleke Mlangoni

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kibaha kumsimamia fundi. Nyumba ya Baba imezeeka, milango inavimba kila mvua ikinyesha, nikaona bora itazamwe chumba kwa chumba kabla ya masika kuanza. Fundi mwenyewe mtu mzima, penseli sikioni, futi mkononi, hana haraka. Akapima sebuleni, akapima jikoni, akapima chumba cha zamani tulichokuwa tukilala mimi na Dada. Alipofika chumba cha Baba akasimama. Akalishika pazia la kitenge kwa vidole viwili, akaichungulia fremu toka juu mpaka chini.

"Mama, na hiki chumba mlango wake uko wapi?"

Nikacheka peke yangu mpaka fundi akanitazama kwa wasiwasi. Ningeanzia wapi kumweleza? Mlango wa chumba kile ndio uliomfanya dada yangu bingwa wa mpira wa meza wa mkoa mzima. Fundi alikuwa na kazi yake, sikumchosha. Wewe una nafasi, kaa nikusimulie.

Baba alipohamishiwa Pwani, watu wa Tabora walimwona wa ajabu. Wenzake walihama na magodoro na masufuria, yeye alipanda treni na sanduku la bati na mlango. Naam, mlango. Babu alikuwa seremala, aliuchonga kwa mninga akampa Baba siku ya harusi yake. Babu hakupenda urembo, kwa hiyo mlango haukuwa na nakshi hata moja, ulikuwa bapa pande zote mbili, laini, na jua likiupiga ulinukia mpaka ukumbini. Nyumba yetu ya Kibaha ilijengwa kidogo kidogo kama zilivyojengwa nyumba za watumishi wengi. Vyumba vingine vilikaa na magunia na mabati kwa miaka, lakini chumba cha Baba kilikuwa na mlango wa mninga. Alijivunia sana. Mgeni akija, Baba alitafuta sababu ya kuufungua na kuufunga.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale Kibaha. Baba alikuwa bwana mifugo Kisarawe, akizunguka kwa pikipiki vijiji vya Vihingo na Kurui kuchanja ng'ombe wa wafugaji. Kwetu alikuwa mtu wa Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Siku zilizobaki nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: Mama, Dada aliyekuwa kidato cha pili, na mimi wa darasa la sita.

Dada alikutana na mpira wa meza shuleni kwao. Kulikuwa na meza moja, na wasichana walipewa Ijumaa tu. Mwalimu wao wa michezo, mama mmoja mfupi aliyevaa filimbi shingoni hata akifundisha jiografia, alimpa Dada kibao kilichobanduka mpira nusu akamwambia ana mkono. Basi, tumekwisha! Toka siku hiyo Dada hakutulia. Alipigisha ukutani, alipigisha sakafuni, na siku moja akapigisha juu ya meza ya chakula, mpira ukamkimbia, akaukimbilia, akaangusha chupa ya chai. Tulisikia vioo vikicheza ndani ya chupa. Tulijua leo ni leo.

Mama, Mungu amrehemu, alichukua ufagio. Alifagia, akaingia chumbani, akatoka na bisibisi ya cherehani, akaanza kufungua bawaba za mlango wake mwenyewe.

"Shikeni huku," alisema. "Mlango wa nini, na mwenye mlango yuko Vihingo na ng'ombe?"

Tukaulaza uani juu ya matofali, karibu na jiko. Mama alikwishatoa kitasa, kwa hiyo katikati ya ubavu mmoja palibaki tundu. Tulichomeka kijiti humo, kikawa nguzo ya wavu, na wavu wenyewe ulikuwa kipande cha chandarua kilichochoka. Shida ilikuwa ubavu wa pili, ule wa bawaba, ambao haukuwa na tundu. Huko tulifunga kamba kwenye mguu wa stuli iliyopinduliwa juu ya ndoo. Stuli ilisogea, kamba ikalegea, na wavu upande ule ukaning'inia. Tulizoea. Mtoto anazoea kila kitu.

Mpira tulikuwa nao mmoja. Ukibonyea, Mama aliutumbukiza kwenye sufuria ya maji ya chai, ukazungukazunguka humo mpaka ukarudi mviringo. Nimekunywa chai ya mpira utoto wangu wote na sijafa. Kibao changu kilikuwa kipande cha plaiwudi nilichobandika soli ya kandambili, na kazi yangu ilikuwa moja: kusimama ng'ambo na kufungwa. Nilifungwa asubuhi kabla ya shule, nikafungwa jioni baada ya kuchota maji, nikafungwa Jumamosi nguo zikiwa zinakauka kambani. Nakwambia bila haya, hakuna mtu Tanzania hii aliyefungwa na dada yangu mara nyingi kama mimi, na heshima hiyo simwachii mtu.

Ijumaa ile tulisikia pikipiki. "Shikamoo Baba." "Marahaba." Akavua kofia, akapita ukumbini mpaka chumbani kwake. Kisha akatokea uani, vumbi la Vihingo bado masharubuni.

"Mama watoto, mlango uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Unafanya nini hapo?"

"Unamfundisha binti yako," Mama akajibu, akaendelea kupepeta mchele.

Baba aliuzunguka mlango polepole. Aliupapasa kwa kiganja, akagusa tundu la kitasa, akamtazama Dada. "Mlango huu kauchonga baba yangu," alisema. Halafu akauliza mashindano ya mkoa ni lini. Dada akamwambia mwisho wa mwezi ujao, Kisarawe, kama atapita ya wilaya.

"Sawa. Ukirudi bingwa, mlango ni wako. Ukishindwa, Jumapili yake unarudi kwenye fremu, na habari ya mpira wa meza sitaki kuisikia tena ndani ya nyumba hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno wala kuyarudisha. Dada hakulala usiku ule, na mimi sikulala kwa sababu yeye alikuwa anajigeuza. Alijua vizuri kwamba meza ya Ijumaa peke yake haimfikishi popote. Mlango ukiondoka, na yeye mchezo wake umeondoka. Mama alitundika pazia la kitenge kwenye fremu, maisha yakaendelea.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mzaramo, mzaliwa wa Kurui. Sisi Wanyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, kwa hiyo bibi huyu alipewa zawadi ambayo hakuiomba: watani wasio na mlango. Kila jioni alileta mbuzi yake ya kukunia nazi karibu na ua wetu, akaikalia, akakuna huku akitusema. Krr, krr, krr, halafu: "Hee! Wanyamwezi bwana, mnalala wazi kama mko sokoni!" Krr, krr. "Na mposaji akija, mtamwambia agonge hodi kwenye pazia?" Dada mwanzoni alikosa mipira kwa hasira. Baadaye alikosa kwa kucheka. Mwisho hakukosa tena, bibi angesema lolote, kibao kilikwenda tu. Kabla hajaingia ndani, bibi alitupitishia vitumbua juu ya ua, vya moto, pembeni vikiwa na ukoko.

Sasa nikueleze Dada alivyokuwa anacheza, maana hapo ndipo ninapopenda kupaeleza. Mlango, unajua mwenyewe, upana wake ni wa mtu mmoja kupita. Ukicheza juu ya mlango huwezi kumkimbiza mwenzako kushoto na kulia, hakuna kushoto wala kulia. Mpira una njia moja, ya tumboni. Dada alisimama karibu na ubao, kiwiko amekibana ubavuni kama mtu aliyebana kanga kwapani asiidondoshe, na hakurusha mkono. Pigo lake lilikuwa fupi, la ghafla, na mpira ulikufuata kwenye kitovu au kwenye nyonga, mahali ambapo hujui uupokee kwa mbele ya kibao au kwa nyuma. Unajikunja, unajipinda, umechelewa. Wasichana wenye mikono mirefu, waliozoea kunyoosha, mbele ya Dada walikuwa kama watu wanaotafuta funguo mfukoni. Mwalimu wa michezo alikuja kwetu siku moja, akaona, akapiga makofi. "Kumbe! Huyu anapiga mlangoni!" Neno likaenda shuleni, na toka hapo Dada akicheza wenzake walipiga kelele: "Mpeleke mlangoni! Mpeleke mlangoni!"

Mashindano ya wilaya yalifanyika hapo hapo Kibaha, na wawili wa kwanza ndio wa kwenda Kisarawe. Dada alipita, lakini alipita wa pili, tena kwa taabu. Kila mpira aliopeleka upande wake wa kulia uligonga wavu. Wa kushoto unapita, wa katikati unapita, wa kulia tap, wavuni. Mwalimu akakuna kichwa. "Mkono mzuri, macho mazuri, huko kulia kuna nini?"

Mimi nilijua. Jumamosi, tukiwa tunakula ugali na mlenda, nikalisema. "Ni stuli. Upande wa stuli wavu umelegea, Dada kazoea kupitisha mpira chini. Kwenye meza za watu wavu umenyooka."

"Basi tutoboe tundu la pili upande wa bawaba," Mama akasema.

"Mama!" Dada alishtuka mpaka tonge likaanguka. "Mlango wa Babu! Ukitobolewa tena utarudije kwenye fremu?"

Sote tukamtazama Baba. Baba akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake mimi na Dada tulikwenda misa. Tuliporudi Baba alikwisha kuondoka, pikipiki haipo. Dada akatoka uani kuchukua nguo za shule, nikasikia ananiita kwa sauti ya kunong'ona, ile sauti ya mtu aliyeona nyoka. Kwenye ubavu wa bawaba palikuwa na tundu. Tundu safi, la mviringo, halina hata kibanzi pembeni. Ndani yake kimesimama kijiti kipya, sawa kabisa na kile cha upande wa pili, na wavu katikati umekaza kama kamba ya kuanikia.

"Mama, umefanya nini?" Dada akauliza, machozi yanamlenga.

"Msiniulize mimi," Mama akasema, akafunika sufuria. Alikuwa anatabasamu. Tukajua ni yeye, nani mwingine? Ndiye mwenye bisibisi.

Bibi jirani naye alikuwa na lake. "Mchwa wa Kinyamwezi hao, wana meno ya chuma! Asubuhi nzima nimewasikia wanatafuna mbao." Tukacheka. Mtani akikwambia mambo kumi kwa siku, huwezi kukaa ukachambua lipi la kweli.

Hofu yetu ilikuwa Baba. Kwa majuma yote yaliyobaki, kila Ijumaa tukisikia pikipiki, Dada alikimbia kung'oa kijiti na kutandika kanga juu ya ubavu ule. Baba alikaa pale pale na kikombe chake cha chai, kiwiko juu ya kanga, akasoma gazeti. Mimi nilikuwa naangalia kile kiwiko tu. Hakuifunua hata siku moja. Akiondoka Jumapili, tunarudi kazini. Siku za mwanzo Dada aligonga wavu wa kulia mpaka akatupa kibao. Akakiokota. Taratibu mkono ukajifunza kunyanyua mpira kidogo upande ule, kidogo tu, na nikaanza kufungwa kwa njia mpya.

Kisarawe tulikwenda na lori la shule, tukapanda vile vilima tukiwa tumejaa vumbi na nyimbo. Bibi jirani alidandia na kapu lake, akisema anakwenda kusalimia kwao. Tulipofika ukumbini alituacha, akaenda kukaa upande wa wenyeji, mbele kabisa, akanipungia mkono. Nilichukia kweli.

Fainali Dada alikutana na msichana wa Kisarawe aliyekuwa bingwa tayari, mrefu, mkono wa kushoto, na mikono yenyewe inafika kila mahali. Huyu alikuwa na akili. Aliona mapema kwamba Dada ni mtu wa katikati, akampeleka pembeni. Kushoto mwisho wa meza, kulia mwisho wa meza. Dada yangu, mtoto wa mlango, alikuwa hajui mpira unaweza kwenda mbali hivyo. Seti ya kwanza ikaenda, na ya pili ikaenda. Mshindi ni wa seti tatu katika tano, imebaki moja tu mlango urudi kwenye fremu.

Ndipo bibi jirani akasimama katikati ya watu wake, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Mwacheni huyo, kwao hawana hata mlango!"

Kisarawe wote wakaangua kicheko. Nami nikamwona Dada anageuka, mabega yameshuka, anacheka kwa meno yote. Akajibu kwa sauti: "Nimeufuata, mtani!"

Toka hapo alikuwa uani kwetu, akisikia nazi ikikunwa. Alisogea karibu na meza, akabana kiwiko, akaanza kuanzisha mipira mifupi kwenye nyonga ya yule mrefu. Ukipokea mpira umejikunja hivyo huwezi kuupeleka pembeni, unaurudisha katikati, na katikati ndiko kwa Dada. Ko-ka, ko-ka, kitovuni. Seti ya tatu yetu. Ya nne yetu. Lori zima la Kibaha tukawa tunaimba: "Mpeleke mlangoni!" na wenyeji wakiulizana hawa wanasema nini.

Seti ya tano ilikwenda wakikamatana mpaka Dada akawa mbele kwa pointi moja, anahitaji moja amalize. Walipigana kitovuni mapigo mengi, yule mrefu akajifunza naye, akabana tumbo, akangoja hapo. Dada akaupeleka kulia. Upande wa stuli. Nilifumba macho nikisubiri ule mlio, tap. Sikuusikia. Nilisikia ukumbi ukilipuka, na nilipofumbua macho mpira ulikuwa unadunda sakafuni nyuma ya msichana wa Kisarawe, naye amesimama ametazama wavu ulioupisha mpira.

Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amesimama Baba, mabuti yana matope, kofia ya pikipiki mkononi. Hatukujua alifika saa ngapi. Dada alimkimbilia, akapiga goti, akampa kombe kwa mikono miwili. Baba akalipokea, akaligeuza, akamrudishia. "Mlango wako," alisema, akatoka nje kabla hatujauona uso wake. Bibi jirani ndiye aliyelia waziwazi, akituambia kwamba analia kwa aibu ya Kisarawe.

Dada alikuwa bingwa wa mkoa mwaka ule na miaka mingi iliyofuata. Akaitwa timu ya taifa, akapanda ndege, akacheza na watu ambao nchi zao meza ziko mpaka bustanini, akafungwa na kufunga. Pembeni alijifunza, lakini hakuacha kitovu. Siku hizi anafundisha wasichana Mlandizi, wana meza nzuri, mipira boksi zima. Bado anawachorea kwa chaki juu ya meza mstari wenye upana wa mlango, na hawaruhusu kutoka nje yake mwezi wa kwanza. Akiulizwa alianzaje anasema: "Nilimshinda baba yangu mlango." Anasema kwa majivuno, na ana haki.

Mama hayupo. Bibi jirani alirudi Kurui, akazikwa huko, na siku ya matanga Baba alikwenda akafanya utani mpaka wafiwa wakacheka. Ua ulivunjwa, pale alipokuna nazi pamejengwa fremu za maduka. Sijasikia miaka mingi mpira ukidunda juu ya mninga, mlio ule mzito kidogo kuliko wa meza za kiwandani.

Baada ya fundi kuuliza, nilikwenda na Baba bandani nyuma ya nyumba. Anatembea polepole sasa, ananishika bega. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani. Unyevu umeula chini na rangi imepauka, lakini kati yake mzima, na matundu yake mawili yanatazamana.

"Tundu la Mama," nikasema, nikitia kidole kwenye lile la bawaba.

Baba akanicheka. "Mama yako alijua bisibisi tu." Akainama kwenye sanduku lake la bati, lile la treni, akatoa keekee ya kutobolea, ya mkono, mpini umeng'aa kwa kushikwa. "Hii ya babu yako. Hakuna aliyeigusa ila mimi."

Kumbe mchwa wenye meno ya chuma. Kumbe ile Jumapili, majuma matatu kabla ya Kisarawe, wakati Dada halali kwa hofu ya mlango kurudi, mwenyewe alikwisha kuutoboa.

"Lakini Baba, ulisema akishindwa unarudi kwenye fremu."

"Nilisema."

"Na ile kanga tuliyokuwa tunakufichia tundu?"

"Ya bluu," akasema. "Mlikuwa mnaitandika vibaya, tundu lilikuwa linaonekana."

Nikatoa simu nimpigie Dada. Baba akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Usimwambie. Ule mlango aliushinda."

Nikairudisha simu mfukoni. Sijamwambia mpaka leo, na wewe ukimwona Mlandizi usimwambie. Tulipotoka bandani fundi alikuwa bado anasubiri na futi yake, akauliza tena, chumba cha mzee aweke mlango wa aina gani. Baba akapita kando yake, akalisogeza pazia.

"Hapa pana mlango," akasema, akaingia kulala.